Muundo na Kazi za Mfupa Sifongo: Je, Jina Linatosheleza?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza muundo na kazi za tishu ya mfupa sifongo, yaani sehemu ya ndani ya mfupa iliyojaa matundu. Hoja inayoyaongoza ni kwamba matundu hayo ni sehemu ya kazi ya mfupa: huupunguzia uzito, huhifadhi uboho unaozalisha damu, na huupa eneo pana la kubadilishana madini na damu. Makala yanaanza kwa kueleza mahali tishu hii inapopatikana mwilini, kisha yanafafanua umbo lake, kazi zake, namna inavyokarabatiwa na yanayotokea inapopungua. Mwishoni yanalipima jina lenyewe, kwa kuwa mwanafunzi anayefikiria sifongo ya kuoshea vyombo huenda akapotoka kabla hajaanza kujifunza.

1.0 Utangulizi

Mtu anayenunua mifupa ya supu buchani huonyeshwa somo la anatomia bila kujua. Msumeno wa muuza nyama unapoupasua mfupa wa paja la ng'ombe karibu na goti, vipande vinavyobaki huonyesha vitu viwili tofauti. Ukingoni pana ukuta mweupe, mgumu, usio na matundu yanayoonekana kwa macho. Ndani ya ukuta huo pana wavu wa vijiti vyembamba vilivyoshikana, na nafasi zilizo baina ya vijiti hivyo zimejaa uboho. Ukuta wa nje ndio ambao wengi huufikiria wanaposikia neno mfupa. Wavu wa ndani ndio unaoshughulikiwa na makala haya.

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu aliyekonda sana husemwa kuwa amebaki mifupa mitupu, kana kwamba mfupa ni kitu kinachosalia baada ya uhai kuondoka. Dhana hiyo ina madhara. Mzee anayeanza kupinda mgongo huambiwa kwamba huo ni uzee tu, na mtoto mwenye maumivu makali ya mifupa huambiwa avumilie. Yote mawili yanaweza kuwa dalili za maradhi yanayohusu tishu hii hai iliyo ndani ya mfupa.

Isitoshe, suala hili linaigusa taaluma ya Kiswahili moja kwa moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, wauguzi na madaktari husomea anatomia kwa Kiingereza, kisha wengi wao huwaeleza wagonjwa hali zao kwa Kiswahili. Palipo na pengo la istilahi, anayeumia ni mgonjwa. Hivyo basi, kuuelewa mfupa sifongo na kuueleza kwa Kiswahili sahihi ni kazi moja yenye pande mbili.

2.0 Mahali pa Mfupa Sifongo Mwilini

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206 kwa kawaida. Takribani asilimia 80 ya uzito wa mifupa hiyo ni ya tishu ngumu ya nje, ambayo makala haya yanaiita mfupa mango, na takribani asilimia 20 ni ya mfupa sifongo. Mgao huo hutofautiana kutoka mfupa hadi mfupa.

Katika mifupa mirefu, kama fupaja, mfupa sifongo hupatikana zaidi kwenye ncha mbili, karibu na viungo. Sehemu ya katikati ni mwanzi wa mfupa mango wenye uwazi mmoja mkubwa ndani yake. Katika pingili za uti wa mgongo hali ni kinyume: sehemu kubwa ya pingili ni mfupa sifongo uliofunikwa na gamba jembamba la mfupa mango. Mfupa wa fuvu nao una tabaka la mfupa sifongo lililobanwa katikati ya matabaka mawili magumu. Mbavu, mfupa wa kidari na fupanyonga vilevile vina tishu hii kwa wingi.

Mpangilio huu haukutokea kiholela. Mfupa sifongo hupatikana hasa mahali ambapo nguvu huja kutoka pande nyingi, kama kwenye viungo, au mahali ambapo mwili unahitaji umbo pana lisilokuwa zito.

3.0 Muundo

3.1 Fito, vibao na matundu

Neno la Kilatini linalotumiwa na wanaanatomia kwa kila kijiti cha wavu huu ni trabekula, na maana yake ni boriti ndogo. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu taswira hii. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Mombasa walizibeba dari kwa boriti za mikoko, na biashara ya miti hiyo ina majina kwa kadiri ya unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Kwa vile trabekula huwa na unene wa baina ya milimita 0.1 na 0.3 hivi, jina linaloifaa zaidi ni ufito.

Fito hizi si za umbo moja. Nyingine ni za mviringo kama vijiti, nyingine ni bapa kama vibao. Mahali penye mzigo mkubwa, kama katika kichwa cha fupaja, vibao huwa vingi na husongamana. Mahali penye mzigo mdogo, vijiti ndivyo vinavyotawala na nafasi baina yake huwa kubwa. Kwa jumla, nafasi hizo huchukua baina ya asilimia 50 na 90 ya ujazo wa tishu nzima.

Muundo wa ndani wa ufito hutofautiana na ule wa mfupa mango. Mfupa mango umejengwa kwa mirija midogo yenye matabaka yanayouzunguka mfereji wa mshipa wa damu, mfano wa pete za shina la mti. Ufito wa kawaida ni mwembamba mno hata hauhitaji mshipa wa damu ndani yake. Seli zilizomo hupata chakula kutoka kwenye uboho unaouzunguka, kupitia vijifereji vidogo vinavyoonekana kwa hadubini tu. Kwa hiyo ufito na uboho hutegemeana: mmoja ni nguzo, mwingine ni mlishaji.

3.2 Kolajeni na madini

Vitu viwili vikuu vinaujenga ufito. Cha kwanza ni kolajeni, protini yenye nyuzinyuzi inayoufanya mfupa uweze kunyumbuka kidogo bila kukatika. Cha pili ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yanayoupa ugumu. Uhusiano wao unafanana na ule wa nondo na zege katika jengo: zege huhimili kubanwa, nondo huhimili kuvutwa.

Jaribio rahisi la darasani linathibitisha jambo hili. Mfupa wa kuku ukilowekwa katika siki kwa siku kadhaa, madini yake huyeyuka na mfupa hubaki laini wa kupindika. Mfupa mwingine ukichomwa motoni hadi kolajeni iteketee, umbo lake husalia, lakini ukiguswa kwa nguvu hubomoka kama chaki. Mfupa ulio hai unavihitaji vyote viwili.

3.3 Mpangilio wa fito

Kwa mtazamo wa kwanza fito huonekana kama zimetupwa ovyo. Mnamo miaka ya 1860, mwanaanatomia Georg Hermann von Meyer, aliyekuwa akifundisha Zürich nchini Uswisi, alichora fito za sehemu ya juu ya fupaja iliyopasuliwa kwa urefu. Karl Culmann, mhandisi wa mji huohuo, alipoiona michoro hiyo alitambua kwamba mikunjo ya fito ilifanana na mistari ambayo wahandisi huichora kuonyesha namna nguvu zinavyopita ndani ya kreni iliyobeba mzigo. Meyer alichapisha matokeo ya kazi yake mwaka 1867.

Ulinganisho huo unaeleweka kwa urahisi. Kichwa cha fupaja hakikai moja kwa moja juu ya mhimili wa mfupa. Kimeinama kuelekea ndani kama mkono wa kreni ya bandarini unaoning'inia juu ya meli. Uzito wa mwili unapokikandamiza, upande wa ndani wa shingo ya fupaja hubanwa na upande wa juu na nje huvutwa. Kundi moja la fito hushuka kutoka kichwani hadi ukuta wa ndani ili kuhimili kubanwa. Kundi lingine hupinda kama tao kuelekea ukuta wa nje ili kuhimili kuvutwa. Baina ya makundi hayo pana eneo la pembetatu lenye fito chache, liitwalo pembetatu ya Ward. Mwili haukuweka fito nyingi mahali ambapo nguvu ni ndogo.

Mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alichapisha kitabu alimodai kwamba mfupa hubadilisha umbo lake kulingana na mzigo unaoubeba. Wataalamu wa baadaye walikosoa jinsi alivyoyafanya mambo kuwa ya kihisabati kupita kiasi, lakini kiini cha hoja yake kimesimama: mfupa unaotumiwa huimarika, na usiotumiwa hudhoofika. Wanaanga ni mfano bora. Wakiwa angani, ambako miili yao haihisi uzito, hupoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi wasipofanya mazoezi ya kutosha.

4.0 Kazi za Mfupa Sifongo

4.1 Kubeba na kusambaza uzito

Kila hatua ya miguu hupeleka mshindo kwenye viungo. Ncha za mifupa zinahitaji kuwa pana ili mshindo huo usambae. Lau ncha hizo zingejengwa kwa mfupa mango mtupu, miguu ingekuwa mizito na misuli ingechoka upesi. Mfupa sifongo hutatua tatizo hilo: hunepa kidogo unapobanwa, hupunguza makali ya mshindo, kisha huupeleka mzigo kwenye kuta ngumu za mwanzi wa mfupa. Kwa njia hii mwili hupata nguvu nyingi kwa kutumia mali kidogo.

4.2 Kuzalisha damu

Matundu ya mfupa sifongo ni karakana ya damu. Mtoto anapozaliwa, uboho wa karibu mifupa yake yote ni mwekundu na unazalisha damu. Kadiri anavyokua, uboho wa miguu na mikono hugeuka kuwa wa mafuta na wa rangi ya manjano. Kwa mtu mzima, uboho mwekundu husalia hasa katika pingili, mbavu, kidari, fuvu, fupanyonga na ncha za juu za fupaja na mfupa wa mkono, yaani mlemle mlimo na mfupa sifongo kwa wingi. Ndiyo sababu daktari anayetaka kuchunguza uboho hupenyeza sindano kwenye ukingo wa fupanyonga.

Kazi inayofanyika humo ni kubwa. Uboho wa mtu mzima huzalisha takribani seli nyekundu bilioni 200 kila siku, mbali na seli nyeupe za kinga na chembe za kugandisha damu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uzalishaji haupumziki.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana wazi katika ugonjwa wa selimundu, unaopatikana zaidi nchini Kenya katika maeneo ya Pwani na Magharibi. Seli nyekundu za mgonjwa huchukua umbo la mundu na aghalabu huishi siku 10 hadi 20 tu. Uboho hulazimika kuzalisha damu kwa kasi kuliko kawaida, na wakati mwingine hupanua nafasi zake na kuzipunguza fito. Aidha, seli zilizopinda huziba mishipa midogo inayoilisha mifupa. Hapo ndipo yanapotoka maumivu makali ya mifupa na uvimbe wa viganja na nyayo kwa watoto wachanga. Damu isipokifikia kichwa cha fupaja, mfupa sifongo wake hufa na kubonyea, na kijana hubaki akichechemea. Mtoto anayelia kwa maumivu hayo hastahili kuambiwa avumilie. Anastahili kupelekwa hospitali.

4.3 Kuhifadhi madini

Takribani asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili, ambayo kwa mtu mzima ni kama kilo moja, imewekwa katika mifupa. Asilimia ndogo iliyosalia ndiyo inayouwezesha moyo kupiga, misuli kukunjamana na damu kuganda. Kiwango chake katika damu kikishuka, tezi ndogo nne zilizo shingoni hutoa homoni inayoamrisha mfupa kutoa sehemu ya akiba yake. Mfupa sifongo huitikia upesi kwa sababu fito zake nyingi zinaupa eneo pana linalogusana na uboho. Kwa mfano wa kibenki, mfupa mango ni akiba ya muda mrefu, na mfupa sifongo ni pesa zilizo karibu na mkono. Tatizo hutokea pale mwenye akaunti anapotoa kila siku bila kuweka.

5.0 Ukarabati wa Kila Siku

Mfupa hautulii. Aina tatu za seli huushughulikia. Osteoklasti ni seli za ubomoaji: huyeyusha madini na kuondoa mfupa uliochakaa. Osteoblasti ni seli za ujenzi: hufuata nyuma yao na kuweka mfupa mpya. Osteositi ni seli zilizofunikwa ndani ya mfupa zikawa walinzi: huhisi mzigo na nyufa, kisha hutoa ishara za kuita wabomoaji na wajenzi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfupa hufuata wosia huo. Nyufa ndogo zinazotokana na shughuli za kila siku huondolewa na kuzibwa kabla hazijawa kubwa. Kubomoa sehemu moja huchukua wiki chache, kuijenga upya huchukua miezi kadhaa. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, robo hivi ya mfupa sifongo wa mtu mzima hukarabatiwa kila mwaka, ilhali kwa mfupa mango ni asilimia 3 hivi. Kasi hiyo ndiyo nguvu ya mfupa sifongo, na ndiyo hatari yake vilevile. Ubomoaji ukiushinda ujenzi, tishu hii ndiyo ya kwanza kuathirika.

6.0 Tishu Inapopungua

Mifupa hufikia kilele cha uzito wake mtu anapokaribia umri wa miaka 30. Baada ya hapo ubomoaji huanza kuushinda ujenzi polepole. Kwa wanawake, kasi hiyo huongezeka baada ya kukoma hedhi, kwani homoni ya estrojeni, ambayo huzizuia seli za ubomoaji, hupungua. Hali ikizidi huitwa osteoporosisi, neno lenye asili ya Kigiriki linalorejelea mfupa na tundu.

Yanayotokea ndani ya mfupa sifongo yanaweza kuelezwa kwa hatua tatu. Kwanza, vibao hutoboka na kuwa vijiti. Pili, vijiti hukonda. Tatu, baadhi ya vijiti hukatika. Hatua ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu wajenzi hufanya kazi juu ya uso wa mfupa uliopo. Ufito uliokonda unaweza kuongezewa unene, lakini uliokatika na kutoweka ni vigumu kurejeshwa. Nyumba hubaki na nguzo zisizounganishwa na boriti.

Sehemu zinazovunjika zaidi ni zile zenye mfupa sifongo kwa wingi: pingili, nyonga na kifundo cha mkono. Pingili huweza kubonyea bila ajali yoyote, kimo kikapungua na mgongo ukapinda. Mara nyingi mwenyewe hajui kwamba amevunjika. Bibi anayeteleza uani na kuvunjika nyonga husemwa ameangushwa na utelezi, ilhali fito za shingo ya fupaja yake zilianza kupungua miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Historia ndefu ya binadamu nayo ina la kufunza. Mwaka 2015 Habiba Chirchir na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha mfupa sifongo wa viungo vya binadamu wa sasa, sokwe, na visukuku vya mababu wa binadamu. Waligundua kwamba msongamano mdogo wa fito ni jambo la karibuni katika historia ya jamii ya binadamu, na kwamba huenda unahusiana na maisha ya kutulia mahali pamoja. Hoja hii inaafikiana na ile ya Wolff: mfupa usiotumwa hupungua.

Kinga basi huanza mapema. Maziwa, mboga za majani, wimbi, na omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao hutoa kalsiamu. Jua huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo bila yake kalsiamu haifyonzwi vyema. Kutembea, kuruka kamba na kubeba mizigo ya kadiri huzipa osteositi habari kwamba fito zinahitajika. Sigara na pombe nyingi huharibu hesabu hiyo.

7.0 Jina na Kinachotajwa

Baada ya kuichunguza tishu yenyewe, jina lake linaweza kupimwa. Sifongo ina sifa tatu zinazojulikana: ina matundu, ni laini, na hunyonya maji. Sifa ya kwanza inalingana na mfupa huu. Ya pili inapotosha, kwani ufito wa mfupa ni mgumu na haubonyezeki kwa kidole. Ya tatu nayo inapotosha, kwa sababu uboho haunyonywi kutoka nje. Unaishi na kufanya kazi humo. Jina hili basi linaeleza umbo na kuficha kazi. Kwa kuwa limekwisha kuenea, kulibadilisha huenda kukaleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Linalohitajika ni mwalimu kulitaja pamoja na taswira ya fito na boriti, ili mwanafunzi aone jengo kabla hajaona sifongo.

Istilahi nyingine zinahitaji uangalifu huohuo. Neno yabisi hutumiwa kwa kitu kigumu kisicho kiowevu wala gesi, lakini likiambatishwa na mfupa humkumbusha msikilizaji baridi yabisi, ambayo ni maradhi ya viungo. Ndiyo sababu makala haya yamechagua mfupa mango. Neno uti wa mgongo nalo hubeba mzigo mzito: hutaja mifupa ya mgongo, hutumiwa pia kwa neva kuu iliyomo ndani yake, na limo katika jina la homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa aliyebonyea pingili akiambiwa tu kwamba ana tatizo la uti wa mgongo, anaweza kurudi nyumbani akiwa na hofu ya ugonjwa mwingine kabisa. Kusema pingili imebonyea kunamwondolea hofu hiyo.

Kwa upande mwingine, selimundu ni mfano wa istilahi iliyofaulu. Neno moja linataja kitu na umbo lake, na mkulima anayeushika mundu mkononi huelewa mara moja kwa nini seli hiyo hukwama katika mshipa mwembamba.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfupa sifongo ni jengo la fito na vibao vilivyopangwa kufuata njia za nguvu, ni karakana ya damu, na ni akiba ya madini iliyo tayari kutumika. Kazi zote hizo zinategemea matundu yake, mradi fito zinazoyazunguka ziwe nzima na zimeungana. Yameonyesha pia kwamba tishu hii hukarabatiwa daima, na kwa hiyo hujengeka au kubomoka kulingana na chakula, mwendo, umri na afya ya mwenyewe.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, somo hili lina wajibu ndani yake. Msamiati wa kuueleza mfupa huu kwa mgonjwa, kwa mzazi na kwa mwanafunzi umo katika ujenzi wa Pwani, katika kilimo na katika bucha la mtaani. Mwanaistilahi anayekaa na mwanaanatomia, wakaupasua mfupa mmoja na kukubaliana majina ya wanachokiona, atakuwa amemfaa bibi aliyeteleza uani kuliko anayetafsiri maneno akiwa mezani bila kukiona kinachotajwa.